Unene wa mstari kwenye vekta: samaki mmoja, njia nne

Mteja wangu ni mama anayekaanga samaki Kigamboni, si mbali na kivuko. Alitaka nembo: samaki mmoja aina ya changu, jina la kibanda chini yake, basi. Ikae kwenye fulana za vijana wake wawili, kwenye stika ndogo za kubandika kwenye vifungashio, na kwenye kioo cha nyuma cha bajaji inayopeleka oda. Nikamchora usiku mmoja, mstari wa pointi 2 (pointi ni kipimo cha unene, kama theluthi ya milimita) kuanzia mdomoni hadi mkiani, nikamtumia mama kwa WhatsApp. Asubuhi akanipigia.

"Mwanangu, samaki nimemwona. Ila mbona kama amekunjwa kwa waya?"

Sikuwa na la kujibu. Amekunjwa kwa waya kweli. Mstari wenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho hauna tumbo wala mgongo. Unafanana na yale magari ya waya tuliyokuwa tukiyasukuma mitaani utotoni. Si kwamba ni mbaya. Alama za choo, za maegesho, vitufe vya simu, vyote vinataka mstari wa namna hiyo. Lakini changu ana tumbo zito, na pezi lake la mgongo lina miiba kumi, kila mmoja mnene shinani na mwembamba kileleni. Mwiba usiochongoka ni kijiti tu.

Basi nikamchora upya mara nne, kila mara kwa njia nyingine ya kubadilisha unene, nione ipi inafaa wapi. Kama na wewe una mchoro wa vekta, yaani uliojengwa kwa mistari na maumbo badala ya vitone vya rangi, na programu inakupa zana tano zinazodai kufanya kazi moja, huenda jasho langu likakupunguzia lako.

Unene unabadilika kwa sababu gani

Hili watu wanaliruka, halafu wanalaumu zana. Mstari wa mkono unanenepa kwa sababu tatu tofauti.

Ya kwanza ni mahali. Kilicho chini, kivulini, au mbele ya kingine hupewa mstari mnene. Kilicho juu kwenye mwanga hupewa mwembamba. Tumbo la changu wangu lilifika pointi 4, mgongo ukabaki 1.5. Ya pili ni mwelekeo. Kalamu ya ncha bapa, kama ile ya mwanzi ya kuandikia hati za Kiarabu, hutoa mstari mnene ikienda upande mmoja na mwembamba ikienda upande mwingine, hata kama mkono haujakandamiza chochote. Ya tatu ni mkandamizo wenyewe. Pita Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga umtazame mtu akichora mkia wa chui: brashi inatua, inalala, kisha inainuliwa polepole na mkia unakwisha wenyewe. Hakuna aliyepima kitu.

Kila zana ya kompyuta inaiga mojawapo ya hizo tatu. Ukichagua zana inayoiga mwelekeo wakati mchoro wako unadai mahali, utahangaika usiku kucha na hutajua umekosea wapi.

Zana ya upana: mstari unabaki na uti wake

Illustrator, programu ya kulipia ya Adobe ya kuchora vekta, ina Width Tool (ndiyo zana ya upana) tangu toleo la CS5 la mwaka 2010. Unachora mstari kama kawaida, unabonyeza Shift na W, unaushika popote unapotaka na kuuvuta nje. Hapo panajengeka kituo cha unene. Ukishikilia Alt unavuta upande mmoja tu, na hilo ndilo lililoniokoa tumboni, maana nilitaka unene uongezeke kwa nje bila kuyala magamba. Ukibofya kituo mara mbili unaandika namba kamili. Ukiridhika, unahifadhi mpangilio ule wa unene kama profaili na kuuvika mstari mwingine wowote. Miiba kumi: nilichonga mmoja, tisa ikavaa nguo ya mwenzao. Haikufika dakika mbili.

Inkscape, ambayo ni ya bure, ina ndugu yake aitwaye PowerStroke, tangu toleo la 0.91 la Januari 2015. Huyu hakai kwenye safu ya zana. Amejificha kwenye orodha ya athari za njia, ndiyo maana nimekutana na watu wenye miaka mitatu kwenye Inkscape ambao hawajawahi kumwona. Ukishamwita, chukua zana ya nodi (nodi ni vidoa vinavyoshika umbo la mstari) na vituo vya unene vitajitokeza juu ya mstari, uvivute upendavyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba uti wa mgongo, yaani ule mstari wa katikati uliouchora mwanzo, haupotei. Mama aliposema mkia unyanyuke kidogo, "kama anayepiga maji," nilisogeza nodi mbili, unene ukafuata wenyewe. Kwa mteja anayebadili mawazo (na mimi sijampata asiyebadili) hakuna njia inayoikaribia hii.

Kasoro zipo. Kwenye kona ya mdomo, pale mstari unapogeuka ghafla huku ukinenepa, kingo za ndani zinagongana na kutoa kifundo kibaya. Nimeacha kupigana nacho. Ninakata mstari pale na kuufanya vipande viwili. Kwenye PowerStroke kuna jingine: ukiongeza nodi baada ya kuweka vituo, vituo vinaweza kuhama. Kwa hiyo maliza umbo la mstari kwanza, unene baadaye.

Kasoro inayouma zaidi inakuja siku ya kupunguza ukubwa. Kwenye mipangilio ya Illustrator kuna sehemu iitwayo Scale Strokes & Effects. Ikiwa imezimwa, ukimpunguza changu wa sentimita 10 hadi sentimita 2.5, mwili unabaki robo lakini mstari wa pointi 4 unabaki pointi 4 vilevile. Unapata donge jeusi lenye jicho. Ikiwa imewashwa, pointi 4 inakuwa pointi 1, sawa. Ila ule wa mgongoni wa 1.5 unashuka hadi 0.375. Pointi moja ni milimita 0.353, kwa hiyo mgongo wa samaki wako sasa una kama milimita 0.13. Nenda kauchape kwenye fulana uone kitakachobaki baada ya kufuliwa mara mbili. Inkscape nayo ina kitufe cha namna hiyo juu ya dirisha unaposhika zana ya kuchagua, na hukumu ni ile ile: hakuna mpangilio utakaokupa stika ndogo nzuri kutoka kwenye mchoro mkubwa. Stika ndogo inataka mchoro wake.

Brashi na tableti: mkono ndio unaosema

Tableti (vibao vya kuchorea kwa kalamu vinavyounganishwa na kompyuta) za bei ya kawaida za Huion na XP-Pen siku hizi zinatangaza ngazi 8,192 za mkandamizo au zaidi. Namba hiyo isikutishe wala isikushawishi, mkono wako hauna ngazi hizo. Unachohitaji kujua kabla ya kulipa ni kama kalamu inakusikia unapogusa kwa wepesi kabisa, na hilo unalijua ukiijaribu dukani kwa mkono wako.

Kwenye Illustrator unachukua brashi ya kaligrafia, unaiambia ukubwa wake ufuate mkandamizo, unachora. Changu wangu wa njia hii alikwisha kwa dakika tano, na kwa haki kabisa ndiye aliyekuwa na uhai kuliko wenzake wote. Mashavu yalikaa vizuri, mkia ulirushwa. Miiba ilichongoka yenyewe kwa sababu mkono ukiinuka, mstari unakwisha.

Shida ni kwamba kila kitu kimeandikwa, pamoja na kutetemeka. Palipoteleza pameteleza, unafuta unachora upya, na wa pili hafanani na wa kwanza. Kwa katuni ya gazeti au picha za kitabu cha watoto hilo ndilo tunalolitaka, kila ukurasa uwe na mkono wa mtu. Kwa nembo, ambayo mwakani mama atataka iongezwe kofia ya mpishi, sikuthubutu.

Kuna brashi nyingine ambazo hazitoi mstari kabisa, zinatoa umbo lililojazwa moja kwa moja. Blob Brush ya Illustrator, iliyokuja na CS4 mwaka 2008, ni ya jamii hiyo. Ukipita juu ya rangi ile ile, vipande vinaungana kuwa kimoja. Kalamu ya kaligrafia ya Inkscape vilevile. Ni tamu kutumia, lakini zinamwaga nodi kama mchanga. Inkscape ukibonyeza Ctrl na L zinapunguzwa, ila kila ukibonyeza umbo nalo linaliwa kidogo. Mara moja inatosha. Mara tatu, miiba inakuwa vidole.

Na asiye na tableti? Kalamu hiyo ya Inkscape ina mpangilio unaofanya mstari uwe mwembamba mkono ukienda haraka na mnene ukienda taratibu, kwa hiyo hata mausi inaweza kutoa unene tofauti. Nilijaribu. Ni kama kupika pilau kwenye jiko la mafuta ya taa: linaiva, ila hutatamani kurudia kesho.

Kalamu ya pembe

Hii sitakaa nayo sana. Ni brashi ile ile ya kaligrafia, lakini badala ya mkandamizo unaipa ncha bapa na pembe isiyobadilika, mathalani nyuzi 40. Unene unatokana na mstari unakoelekea. Samaki wangu alitoka mnene kwenye paji la uso na mwembamba tumboni, kinyume kabisa na nilivyotaka, kwa sababu kalamu haijui tumbo ni nini. Inajua nyuzi tu. Lakini nilipoandika jina la kibanda kwa kalamu hiyo hiyo, maandishi yakasimama vizuri, kila herufi ikawa ndugu ya mwenzake. Itumie kwa maandishi, samaki mwache.

Umbo lililojazwa: hakuna mstari

Njia ya nne ndiyo inayochosha, na ndiyo ninayoipenda. Huchori mstari. Unachora kingo zake mbili, unajaza rangi nyeusi katikati. Mwiba unakuwa pembe tatu ndefu yenye ubavu uliopinda kidogo. Mstari wa tumbo unakuwa mwezi mwandamo.

Ukishauona mstari kama mwezi mwandamo, huwezi tena kuuona kama waya. Ukingo wa nje unafuata mwili wa samaki; ukingo wa ndani unaweza kufuata kitu kingine kabisa, kivuli cha pezi au mkunjo wa nyama karibu na mkundu wa samaki (samahani, ndipo ulipo mkunjo). Kingo mbili, kila moja na safari yake. Zana ya upana kwa Alt inakaribia jambo hili, lakini bado upana wake unapimwa kutoka kwenye uti mmoja. Hapa hakuna uti.

Tumbo lote nililichora kwa nodi nne: mbili kwenye ncha, mbili katikati. Lile la zana ya upana, baada ya kugeuzwa kuwa umbo, lilikuwa na nodi kumi na kitu, nyingine zimerundikana mahali pamoja bila sababu. Kwenye skrini huoni tofauti. Kisu cha mashine ya kukata stika kinaiona.

Kosa la wanaoanza, na mimi nililifanya mwaka mzima, ni kuweka sehemu nene kabisa katikati ya kila mstari. Mchoro unajaa soseji. Isogeze sehemu nene iwe kwenye theluthi moja, karibu na pale uzito wa kitu unapoangukia, na ncha moja iwe ndefu kuliko nyingine. Kwenye changu, unene mkubwa uko nyuma kidogo ya shavu, kisha mstari unapungua polepole mpaka mkiani.

Gharama yake ni muda. Miiba kumi ilinichukua karibu nusu saa, pamoja na kunywa chai. Na mama aliposema mkia unyanyuke, kwenye toleo hili nilisogeza nodi kumi na mbili, kisha nikarudi kurekebisha kingo moja moja. Mabadiliko ya pili kama hayo ungenisikia nalalamika mpaka Sinza.

Mchoro ukifika dukani

Hapa njia zote nne zinakutana, na hapa ndipo wengi tunapopata hasara.

SVG, muundo wa faili uliopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2001, unaupa mstari unene mmoja tu kwa urefu wake wote. PDF nayo hivyo hivyo. Mstari unaonenepa na kukonda haumo kwenye muundo huo. Umo ndani ya programu yako. Ukitoa faili nje, programu inalazimika kuugeuza kuwa umbo lililojazwa. Inkscape inafanya hili kwa ujanja ninaoupenda: ndani ya faili lile lile inaweka umbo lililokwisha kujazwa, ambalo kila programu italiona, na pembeni inatunza uti wa awali kwa lugha yake yenyewe. Ukilifungua tena Inkscape, unakuta mifupa bado ipo. Ukilifungua kwingine, unakuta nyama tu.

Tatizo ni pale mstari unapofika dukani bado ni mstari. Kwa kazi nyingine kabla ya hii nilipeleka faili kwenye duka la stika Kariakoo, mistari haijageuzwa. Mashine ya kukata haina habari na unene. Kisu kilifuata uti. Nikarudishiwa stika nyeusi iliyochanwachanwa kama imepitiwa na wembe. Kijana wa mashine hakuwa na kosa, faili lilikuwa langu, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Tangu hapo ninatunza faili la asili lenye mistari hai, halafu ninageuza nakala. Illustrator: Outline Stroke kwa mistari ya zana ya upana, Expand Appearance kwa brashi. Inkscape: Ctrl, Alt na C kwa mistari ya kawaida, Ctrl, Shift na C kwa ya PowerStroke. Maduka mengi niliyofanya nayo kazi hapa mjini yanatumia CorelDRAW, programu nyingine ya vekta, na huko ni Ctrl, Shift na Q. Kisha, na hii ndiyo hatua inayosahaulika, unganisha maumbo yanayopandana yawe moja. Usipounganisha, kisu kitakata mpaka wa kila umbo hata pale linapopita juu ya jingine, na tumbo litatengana na pezi. Mwisho angalia mchoro kwa mistari mitupu, bila rangi. Kwenye Illustrator ni Ctrl na Y. Unachokiona hapo ndicho kisu kitakachokifuata.

Na ncha. Kwenye skrini ncha inayokwisha hadi sifuri inapendeza. Kwenye stika iliyokatwa, ncha hiyo ndiyo inayobanduka kwanza, jua la saa nane na vumbi la barabara vikisaidiana. Kwa kioo cha bajaji nilizikata ncha zote zikawa butu kidogo, kama milimita moja. Ukisimama hatua tatu nyuma huoni.

Uchukue ipi

Kama una mausi tu na huna hela ya kulipia programu kila mwezi, jibu ni Inkscape na PowerStroke, wala usijione umeachwa nyuma. Kama unalipia Illustrator tayari na wateja wako ni wa nembo, anza na zana ya upana kila mara, kwa sababu mabadiliko yatakuja. CorelDRAW ina Artistic Media yenye maumbo ya unene yaliyokwisha kuandaliwa. Ni ya haraka, lakini maumbo hayo nimeyaona kwenye mabango mengi mno. Affinity, nayo programu ya vekta, inakupa grafu ndogo ya mkandamizo unayoichora mwenyewe kisha mstari unaifuata, na kwa mistari mifupi kama nyasi au nywele inafanya kazi vizuri sana.

Tableti nunua ukiwa unachora watu, wanyama, hadithi. Kwa nembo na maandishi si lazima, nimefanya kazi miaka bila hiyo. Na kama kazi inakwenda kukatwa kwa kisu au kuchapwa kwenye kitambaa, jifunze kuchora kingo mbili hata kama inakuchosha, angalau kwa ile mistari mitatu minne inayobeba mchoro.

Ninavyofanya sasa ni mchanganyiko. Ninaweka unene kwa zana ya upana na kumwonyesha mteja hilo, ninamwacha aseme yote. Akishasema "sawa," ninaweka safu mpya juu na kuichora upya mistari mikubwa kama maumbo, nikiutumia ule wa chini kama ramani. Ile midogo ya ndani ninaigeuza kwa programu tu.

Changu wa mama amekaa hivyo: tumbo, mkia na miiba ni maumbo, mashavu na mdomo ni zana ya upana, jina ni kalamu ya pembe. Kwa stika ya sentimita 2.5 nilifuta magamba yote, nikaunenepesha mgongo, na miiba nikaibakiza mitano. Mpaka leo hakuna mla samaki aliyeihesabu.